Mtoto katapika na mwili umechemka baada ya kushinda kwenye michezo ya maji, ni jua au kuna kingine?

Mama Twaiba (#1)
Habari za humu. Jumamosi tuliwapeleka watoto kwenye sehemu ya michezo ya maji hapa Dar, mkubwa ana miaka sita, mdogo anakaribia mitatu. Tumeingia kama saa tano asubuhi tukatoka saa kumi na moja jioni, mdogo muda wote yupo kwenye lile bwawa la watoto anacheka, ukimtoa analia anataka arudi. Usiku ndo balaa, kaanza kutapika, mwili wa moto, analalamika kichwa, hata katuni hataki. Asubuhi zahanati wamempima malaria hana, mkojo safi, wakatupa ORS, na leo ninavyoandika yuko juu ya makochi anaruka kama hakuna kilichotokea.
Sasa nyumbani kila mtu na lake. Mume wangu anasema ni jua. Mama mkwe anasema ni jicho maana niliweka picha stetasi. Jirani anasema ni dawa ya bwawa. Nyie mnaowapeleka wadogo kwenye haya maeneo na joto hili la Februari mnafanyaje? Sikukuu wameshaahidiwa kurudi na ahadi kwa mtoto mnajua ilivyo deni.

Baba Mapacha (#2)
Pole sana. Saa tano mpaka saa kumi na moja? Muda ambao hata mbwa wa Kigogo wamelala chini ya magari nyie mko kwenye mteremko wa maji? Ni jua hilo wala usiende mbali. Mtoto akiwa majini hasemi kiu, jasho lake hulioni kwa sababu ameshalowa, lakini anatoka jasho na anachomwa utosini vilevile. Mimi na wangu tunafika wakifungua geti, saa sita nawatoa kwa nguvu wanalia wanavyolia, tunakula, wanalala kivulini kwenye mkeka, saa tisa na nusu hivi wanarudi majini.

Kobe Mzee (#3)
Ni jicho. Uzi ufungwe.

Chipsi Dume (#4)
Mbona hakuna anayeuliza wamekula nini? Watu wanapika pilau alfajiri, inafungwa kwenye hotpoti, inakaa kwenye buti la gari mpaka saa nane, na kachumbari yake na mayai ya kuchemsha, halafu usiku mtoto akitapika lawama kwa jua. Kutapika masaa machache baada ya kula chakula kilichokaa joto ni kitu cha kawaida sana, jua limesingiziwa mengi.

Mama Twaiba (#5)
@Chipsi Dume hatukubeba chakula, tulikula chipsi kuku hapohapo tena sahani moja na dada yake, dada mzima. Maji ya nje wanakataza getini na ya ndani bei ni mara tatu ya dukani, kwahiyo alikuwa anakunywa soda na juisi ya boksi zaidi.

Baba Mapacha (#6)
Si umeona. Soda siku nzima juani, hapo maji yako wapi?

Nesi wa Zamu (#7)
Sitampima mtoto kwa simu ila niweke sawa vitu kadhaa maana naona mnaenda kasi.

Dawa ya bwawa: akimeza maji mengi tumbo linaweza kuchafuka na akatapika, kweli. Ila ile harufu kali inayowasha macho mnayosema "wameweka dawa nyingi" mara nyingi ni klorini iliyokutana na mikojo na majasho ya watu, bwawa safi halinuki vile. Na wadudu wa bwawani wanaosababisha kuhara, hasa wale wasiokufa haraka kwa klorini, wanachukua siku kadhaa kuonyesha dalili, hawaleti matapishi usiku uleule.

Malaria: mbu wa Jumamosi haleti homa Jumamosi, inachukua siku saba na kuendelea. Angekuwa nayo ingekuwa ya kung'atwa kabla. Homa ikirudi wiki hii mrudishe akapimwe tena, usitembee na kile cheti cha "hana".

Jua: kichwa kuuma, kichefuchefu, kulegea, vinaendana na kuchoshwa na joto. Hapo unamtoa juani, unamvua, unamlowesha, unampepea, unampa maji au ORS kidogo kidogo. Hatari ni akianza kuongea vitu havieleweki, kuyumba, degedege au kuzimia na mwili unaunguza. Hapo ndo joto la ndani limefika nyuzi 40 au zaidi, na kazi ni moja, kumpoza palepale kwa maji mengi na upepo, barafu shingoni na kwapani na kwenye mapaja pale juu, huku wengine wanatafuta usafiri. Msimnyweshe kitu mtoto aliyezimia. Na Panadol haishushi joto la jua, ile ni ya homa.

Mjukuu wa Bi Kidawa (#8)
Nilifundishwa kwamba jasho likikata ndo ujue ni hatari, likiwepo bado yuko salama?

Nesi wa Zamu (#9)
@Mjukuu wa Bi Kidawa hapana, usisubiri jasho likate. Mtoto aliyekuwa anakimbiakimbia anaweza kuwa kwenye hatari kamili na bado anatoka jasho. Angalia akili yake, anakujibu? anakutambua? Jasho achana nalo.

Kisauni Original (#10)
Nyinyi wa Dar mwalalamika sana na joto ni lilelile la kwetu Mombasa. Sisi huku watoto twawapeleka baada ya alasiri, jua limeshapoa, na dafu mkononi. Soda za nini pwani nzima imejaa minazi?

Chipsi Dume (#11)
Getini wanakataza maji ya chupa, dafu ndo watakuruhusu uingie nalo na panga 😂😂

Kisauni Original (#12)
Panga aachiwa askari wa getini, wewe waingia na mrija.

Dodoma Makulu (#13)
Mimi dawa yangu ni khanga mbichi. Nalowesha khanga, nakamua, namzungushia mtoto mabegani, dakika tano tu ametulia kama amewekwa kwenye friji. Haina gharama. Huku kwetu hata chandarua tunalowesha usiku.

Baba Mapacha (#14)
@Dodoma Makulu huko kwenu hewa kavu ndo maana. Lete hiyo khanga Dar uone, nusu saa baadaye bado mbichi na imekuwa ya moto, mtoto amefungwa kwenye mvuke. Hewa ya Pwani imeshajaa maji, hayo ya kwenye khanga yatakaukia wapi? Na ndo hivyohivyo na jasho, linatiririka tu halikauki, halipozi kitu. Ndo maana nyuzi 32 za Dar zinachosha kuliko nyuzi nyingi za Dodoma.

Nesi wa Zamu (#15)
Wote mna hoja. Pwani maji peke yake hayatoshi, weka na upepo, pepea kwa nguvu au feni ya betri, na badilisha maji kila yakipata moto. Kisichofaa popote ni kufunika kigari cha mtoto kwa khanga au blanketi "asipigwe jua". Upepo hauingii, ndani panakuwa moto kuliko nje. Tumia mwavuli au kile kikofia chake, pande zibaki wazi.

Mama Jeremiah (#16)
Afadhali umesema. Mie nashangaa hata hivyo vigari, mtoto anabebwa mgongoni bwana, mama zetu wametubeba kwa mbeleko juani shambani na tupo.

Nesi wa Zamu (#17)
@Mama Jeremiah watoto njiti wodini tunawafunga kifuani kwa mama ili wapate joto. Sasa jiulize mbeleko inafanya nini saa saba mchana Februari 😀 Bebeni ila mmshushe mara kwa mara apigwe upepo, na uso wake uwe unauona. Na wa chini ya miezi sita hapewi maji hata kama ni joto, nyonyesha mara nyingi zaidi, mama ndo unywe maji.

Mwinyi Muscat (#18)
Assalam aleikum. Nyie mnazungumza nyuzi 32 mie nacheka tu yakhe. Huku kwetu Muscat kiangazi inapita 40, kuna sheria kabisa mafundi wa nje hawafanyi kazi saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu, kuanzia Juni mpaka Agosti. Ikiwa mtu mzima wa kujenga kakatazwa, mtoto wa miaka mitatu ana kipi cha kufanya juani saa hizo? Sie Julai tukitaka watoto wacheze tunawapeleka Abu Dhabi, Ferrari World na ile Warner Bros zote zimejengwa ndani, zina kiyoyozi, nje kuwake kunavyowaka. Au tunakimbilia Salalah, kusini ya Oman, kwenye kharifu, msimu wa manyunyu na ukungu, watoto wanavaa masweta mwezi wa Agosti.
Ila na hizo za ndani zina yake. Watoto wanatoka kwenye baridi kali ya kiyoyozi, mara wapo kwenye maegesho ya gari yanayofukuta. Unafungua mlango wa gari, mwanao anashika chuma cha mkanda, kelele zake utazisikia. Mie naweka taulo juu ya kiti na mkanda kila nikiegesha.

Kobe Mzee (#19)
Mafundi wamekatazwa, mama ntilie wa Buguruni na jiko lake la mkaa mchana kutwa atakatazwa na nani?

Houston Kwa Mbali (#20)
Wakuu salamu kutoka Texas. Mwaka juzi nilijichanganya nikapeleka familia Orlando, kule Disney, mwezi wa saba. Joto na unyevu ni Dar kabisa, tofauti kila mchana wingu linajikusanya, radi, mvua ya nguvu, michezo ya nje yote inasimamishwa mpaka radi ipite. Wazungu wanalalamika, mimi nikaona ndo nafuu, tukakaa kwenye onyesho la ndani na kiyoyozi mpaka ikakatika.
Nilichopenda: migahawa yenye mashine za soda ukiomba maji ya barafu wanakupa kikombe bure, hununui. Na kila bustani ya michezo katika zile nne za Disney kuna kituo cha watoto wachanga, kina sehemu ya kunyonyeshea, kubadili nepi, kiyoyozi, hata kama huna shida unaingia kumpumzisha mtoto. Kingine kuna utaratibu kama mmoja hafiki urefu wa kupanda mchezo, baba anapanda, mama anabaki na mtoto, halafu wanabadilishana bila mama kupanga foleni upya. Foleni ndo inayoua watoto kule kuliko hata mchezo wenyewe, unasimama na mtoto begani nusu saa unachemka.
Ukienda na kibokisi cha baridi jua kwamba tangu 2019 barafu za kumwaga hawaruhusu, unaweka zile pakiti za kugandisha. Na mtoto chini ya miaka mitatu haingii kwa tiketi, bure, wa mleta mada angepita hivihivi.

Chipsi Dume (#21)
Maji ya bure mpaka Marekani. Sisi hapa tunanyang'anywa ya kwetu getini.

Mjukuu wa Bi Kidawa (#22)
Kwani nyie mafuta ya jua mnapaka watoto? Niliona mdada mmoja bwawani kampaka mwanae mweupeeee kama kamwagiwa unga. Sisi weusi si tuna kinga ya Mungu?

Baba Mapacha (#23)
Kinga ipo ila siyo ya kushinda juani. Ngozi nyeusi sana inakadiriwa kama SPF 13 hivi (SPF ni kile kipimo cha kinga ya jua kwenye chupa za mafuta), na watoto wetu wanaungua tu, sema haionekani nyekundu, utasikia analia ukimgusa bega usiku. Kingine watu wanachanganya, mafuta yanazuia kuungua ngozi, hayamzuii mtoto kupata joto. Unaweza kumpaka chupa nzima na bado akazimia.

Mama Neema Moshi (#24)
Naomba niingie hapo. Mwanangu ana ualbino, kwahiyo haya mambo kwetu ni ya kila siku, hatusubiri kwenda bwawani. Nguo ya kuogelea ya mikono mirefu mpaka kwenye kiganja, kofia ya ukingo mpana siyo hizi kepu za mpira maana kepu inaacha masikio na shingo, na miwani. Mafuta napaka dakika kama ishirini kabla hatujatoka, narudia kila masaa mawili na kila akitoka majini kujifuta. Sehemu ambazo wazazi wanasahau: juu ya masikio, nyuma ya shingo, juu ya mguu pale kidole kinapoanzia, na midomo. Akikaa kivulini pembeni ya maji bado napaka, jua linarudi kutoka kwenye maji na kwenye sakafu nyeupe.
Kipimo changu ni kivuli chake. Kivuli kikiwa kifupi kuliko yeye mwenyewe, tunatoka. Na nyie wa Dar mjue kuanzia sasa mpaka mwanzoni mwa Machi jua linapita utosini kabisa, saa sita na nusu hivi kivuli chako unakikanyaga.

Mjukuu wa Bi Kidawa (#25)
Asante dada, umenifungua. Unatumia mafuta gani?

Mama Neema Moshi (#26)
Kilisun, yanatengenezwa hukuhuku Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, tunapewa kliniki. Kwa mtoto asiye na ualbino nenda famasi uchukue ya SPF 30 kwenda juu, na uangalie tarehe, kuna maduka yanauza yaliyokaa dirishani yanapigwa jua mwaka mzima.

Samaki Mkavu (#27)
Nimefanya kazi ya uokoaji kwenye mabwawa miaka ya nyuma, nimesoma kurasa zote mbili nikasema ngoja. Mnaongelea jua tu, mtoto wa miaka mitatu hatari ya kwanza bwawani ni maji. Na hapigi kelele. Kwenye filamu mtu anazama anarusha mikono anaita, mtoto mdogo anashuka kimya, kichwa kinainuka kinashuka, mdomo usawa wa maji, wewe upo mita mbili unajibu meseji. Maji ya kufika magotini yanatosha.

Zile boya za kupuliza za mkononi siyo usalama, zinachomoka, na mtoto anazoea kusimama wima majini. Kama haogelei mpe jaketi okozi lenye mkanda unaopita katikati ya miguu, na bado uwe umbali wa kumfikia kwa mkono. Mkienda watu wengi ndo hatari zaidi kwa sababu kila mtu anadhani mwenzake anaangalia. Pangeni zamu, mtu mmoja, simu anamwachia mwenzake, akichoka anasema kwa mdomo "sasa wewe".

Rangi ya nguo! Bluu na nyeupe zinapotea kabisa chini ya maji. Chungwa kali, pinki kali, hizo unaziona. Nilikuwa nikiona mtoto kavaa bluu namfuata mzazi wake.

Mama Jeremiah (#28)
Samaki Mkavu umenitisha ila asante. Swali, kuna kitu nilisoma mtandaoni kinaitwa kuzama pakavu, mtoto anameza maji mchana anafia kitandani usiku, isije ikawa ndo hicho kilitaka kumpata Twaiba?

Nesi wa Zamu (#29)
Hilo jina madaktari hawalitumii, ila kitu cha kuangalia kipo. Mtoto akinywea maji yakaingia mapafuni, dalili zinaanza ndani ya masaa machache, siyo wiki: kikohozi kisichoisha, kuhema haraka, mbavu zinaingia ndani, usingizi usio wa kawaida. Hizo ni hospitali hapohapo. Mleta mada hajataja kikohozi hata kimoja.

Mama Twaiba (#30)
Hakukohoa kabisa. Ila dada yake kaniambia leo kwamba kuna kaka mmoja alikuwa anawamwagia watoto maji mdomoni na bastola ya maji. Na kwamba Twaiba alikula aiskrimu tatu, mimi nimeona moja. Sasa sijui niongeze aiskrimu kwenye orodha.

Chipsi Dume (#31)
Ongeza!! Nilisema chakula toka mwanzo nikapuuzwa.

Kobe Mzee (#32)
Aiskrimu tatu nani kamnunulia? Baba yake. Sasa tumempata mwenye jicho.

Baba Mapacha (#33)
😂😂 nimecheka kama mazuri. Lakini dada yake kala ngapi?

Mama Twaiba (#34)
Nne.

Baba Mapacha (#35)
Basi ni jua.

Nesi wa Zamu (#36)
Dada ana miaka sita, mwili mkubwa, na anajua kuomba maji. Hicho siyo kipimo kwa mdogo wake.

Dereva wa Tegeta (#37)
Mimi naongezea la gari maana ndo kazi yangu. Nimeshaona watu wamefika mapema geti halijafunguliwa, mtoto amelala siti ya nyuma, wanashuka "dakika mbili tukate tiketi", kioo wamekiacha wazi kidogo. Kioo kuacha wazi hakusaidii chochote cha maana, dakika kumi tu joto la ndani linapanda kama nyuzi kumi, na mwili wa mtoto unapata joto haraka mara kadhaa kuliko wako. Mbebe amelala hivyohivyo. Na jioni mkirudi foleni ya Barabara ya Bagamoyo na kiyoyozi kibovu, huo muda nao uhesabuni, mtoto ameshachoka, ameshakauka, mnamkalisha masaa mawili kwenye gari linalofukuta. Nahisi wengi wanaumwa njiani siyo bwawani.

Houston Kwa Mbali (#38)
Hii ya foleni ya kurudi sikuiwaza, point kubwa.

Kisauni Original (#39)
Na miguu je? Hamna alosema miguu. Ile sakafu ya saruji pembeni ya bwawa yaunguza, na telezo za plastiki zilokaa juani kabla hazijapitishwa maji. Ngozi ya mtoto mdogo ni laini, mimi nagusa kwa nyuma ya mkono kwanza, siwezi kustahimili basi hapandi. Na muandikieni namba ya simu mkononi kwa kalamu ya wino usiotoka, siku za Idi watoto wapotea kwenye umati kisha waulizwa baba yako aitwa nani, wajibu "Baba".

Samaki Mkavu (#40)
Kweli kabisa hiyo, na asubuhi kabla hamjatoka mpige picha na nguo aliyovaa. Mzazi akipotelewa hakumbuki hata rangi.

Chipsi Dume (#41)
Picha upige, stetasi usiweke. Kobe Mzee atakusubiri.

Mama wa Kwanza (#42)
Samahani kama natoka nje ya mada, wa kwangu ana mwaka na nusu, pampasi ya kawaida inafaa bwawani au mpaka zile maalumu? Na zinapatikana Kariakoo?

Mama Jeremiah (#43)
Ya kawaida inakunywa bwawa lote, mtoto anatembea kama kabeba tikiti. Chukua za kuogelea, supamaketi zipo, Kariakoo uliza maduka ya vitu vya watoto. Ila zile zinazuia kinyesi tu, mkojo unapita, kwahiyo usimvalishe tangu nyumbani kwenye gari.

Nesi wa Zamu (#44)
Na hicho kinyesi nacho hazikizuii kwa muda mrefu, mtoe umkague kila nusu saa hadi saa moja, mbadilishie chooni siyo pembeni ya maji. Kama anaharisha msiende kabisa hata kama tiketi mmeshalipa.

Chipsi Dume (#45)
Ndo maana mimi huwa nakaa upande wa chipsi.